Nilivyojenga amplifaya ya tube ndani ya kasha la cherehani ya mama

Wakuu, nawasalimu kutoka Kolwezi. Nasoma nyuzi zenu muda mrefu bila kuchangia, leo nimeona na mimi nilete ya kwangu. Yametokea nyumbani kwangu yote, sina sababu ya kuongeza chumvi.

Mtanisamehe Kiswahili. Huku Katanga tunachanganya, na mzee wangu nitamwacha aongee anavyoongea: "njo" yake ni "ndiyo", "leka" ni "acha", na "nkambo" ni bibi.

Mimi ni mama wa watoto wawili, fundi wa umeme. Natengeneza inverter, redio, TV, nafunga sola.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli kule Tenke. Alipostaafu wakahamia huku na mama, wakajenga kwenye mtaa ulio jirani na mgodi. Mama alikuwa mshonaji. Alipofariki, baba alibaki mule ndani peke yake na hakutaka kusikia habari ya kuondoka.

Kisha mgodi ukapanuka, mtaa mzima ukaambiwa uhame. Mambo ya fidia siyaingii, huo ni uzi mwingine. Nilimchukua baba akaja kwangu.

Siku ya kuhama, redio yake ilianguka kutoka kwenye lori.

Ilikuwa redio kubwa ya mbao, ya tube, vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani. Alikuja nayo kutoka Tenke. Jioni mama anashona, yeye anasikiliza magitaa, hawaongei sana. Nimekua na picha hiyo.

Mbao zilipasuka hovyo. Baba aliokota vipande akavitia kwenye gunia.

Kwangu akaanza kunyamaza. Ugonjwa haukuwepo: anakula, anasali, anaitikia salamu. Ila kila siku anabeba kiti chake anakiweka kuelekea mtaa wa zamani. Na upande huo hakuna cha kutazama, ni ukuta wa jirani na nyuma yake mlima wa udongo wa mgodi.

Nikamnunulia spika ya Bluetooth, nikamwekea zile nyimbo zake za magitaa kutoka kwenye simu. Alisikiliza kidogo akasema, "Inalia muzuri, mama. Lakini iko mbali."

Ananiita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake.

Basi nikafungua lile gunia. Tube zilikuwa salama, hata sielewi kwa namna gani kioo kinapona na mbao inakufa. Transfoma nazo zilikuwa nzima. Kurudisha redio yenyewe haikuwezekana, ila amplifaya ndogo ya tube ingetoka, ya kuchomeka simu na spika moja.

Kapasita za zamani nilizitupa zote, nikaagiza mpya Lubumbashi.

Hapa nisimame kidogo kwa vijana wanaotaka kujaribu. Ndani ya hiki kitu kuna volti karibu mia tatu, na ukizima, kapasita zinabaki na chaji. Zimwage kwanza kwa resista ndipo uingize mkono. Umeme wa namna hii haukupi nafasi ya kujifunza kwa makosa.

Mara ya kwanza nilifunga kila kitu kwenye sanduku la chuma la chaja ya betri za gari. Ilinguruma kama kinu cha kusaga mahindi. Nilihangaika nayo mpaka nikagundua nyaya zangu za earth nilizitawanya ovyo. Nikazikusanya sehemu moja, ikatulia.

Nikamwita baba. Akaliangalia lile sanduku.

"Njo redio yangu ile?"

"Njo yenyewe, papa. Ndani."

Akatikisa kichwa polepole, akarudi kwenye kiti chake.

Hapo nikaelewa lazima nipate mbao. Na mbao nzuri nyumbani ilikuwa moja tu: kasha la cherehani ya mama. Cherehani yenyewe tuliwapa wamama wa parokia, kama mama alivyotaka. Kasha baba alilizuia. Anaweka humo miwani, rozari na kofia yake ya reli.

Nikamuomba. Nilichagua maneno vizuri sana, nikaomba.

"Kasha ya mama yenu haiko kitu ya kutoboa," akasema.

Nikaacha. Sikurudia tena.

Zikapita siku. Narudi kutoka kazini nakuta kasha liko juu ya meza yangu ya kazi, tupu. Vitu vyake amevitia kwenye mfuko wa plastiki. Nikamfuata nje.

"Papa, uko hakika?"

"Toboa. Lakini usiguse pa jina yake."

Ubavuni mama alikuwa amechora jina lake kwa ncha ya mkasi. Nilitoboa nyuma tu, matundu ya kupumulia. Chini nikafunga bamba la alumini, tube zikasimama juu yake, kifuniko cha mviringo kikazifunika. Kifundo kimoja cha sauti. Basi.

Tuliiwasha Jumapili baada ya misa. Courant, yaani umeme, siku hiyo ilikuwa nzuri. Tube zikapata moto taratibu, gitaa likaingia, na wakuu, nilijisikia fundi kwelikweli. Sauti ilikuwa nene, iko pale pale chumbani.

Baba aliinamisha kichwa. Baadaye akaweka kiganja juu ya mbao.

"Zima musiki."

Nikadhani nimefeli. Nikanyoosha mkono kukata umeme.

"Hapana, leka moto. Musiki tu njo uzime." Akasogeza pua karibu na kifuniko. "Hausikie harufu?"

Nikainama. Joto la tube lilikuwa limeanza kutoa kilichonywewa na ile mbao kwa miaka yote: mafuta ya cherehani, chaki ya kuchorea, kitambaa kipya. Ilikuwa mikono ya mama. Nilikuwa sijui kama bado naikumbuka.

Tulikaa hivyo, mashine inawaka bila wimbo. Watoto wangu wakaingia kutoka kucheza, mdogo akauliza nani amemwaga mafuta.

"Njo nkambo yenu," baba akamjibu. "Anashona."

Hiyo siku aliongea mpaka jua linazama. Habari za Tenke, za stesheni, za mama alipokuwa msichana.

Sasa kuna jambo moja. Kila tukiwasha, harufu inapungua. Joto linaitoa, hairudi. Baba amejua, siku hizi anaomba tuiwashe Jumapili tu. Nilimwambia naweza kudondoshea mbao mafuta kidogo ya cherehani.

"Ile itakuwa mafuta ya duka," akasema.

Nilichojifunza ni kwamba mzee anaweza kuwa na njaa ya kitu ambacho hata yeye hajui jina lake, na wewe unahangaika kumpa kingine. Sina ushauri zaidi ya huo.

Waliobaki na kitu cha mtu wao kinachoisha taratibu, niambieni mnakitumia au mnakifungia. Na mafundi, kama kuna anayejua pa kupata tube ya rectifier, ile ya kugeuza AC kuwa DC, aseme hapa chini, hii yangu imechoka.

Jumapili iliyopita mimi sikusikia harufu yoyote. Baba alisema anaisikia. Nikavuta kiti nikakaa naye.