Mkono wa Jirani

Jirani yangu hapa Usagara hukanda chapati za kuuza tangu alfajiri, na jioni mkono huohuo ndio unaoirushia mpira timu yetu ya akina mama ya rede, mchezo wa kumlenga kwa mpira mtu anayejaza chupa mchanga katikati. Kabla ya kurusha hufuta kiganja kwenye khanga, kisha humtazama mtu miguu, si macho. Msimu mzima ametubeba hivyo, kachoka. Juzi kwenye fainali alibaki dada mmoja wa Maramba katikati, chupa yake karibu ijae mchanga. Ikijaa tu, kombe lao. "Rusha basi, bibi wee," akamtania, "au mkono umeusahau kwenye chapati?" Jirani akafuta kiganja, akarusha chini kwa chini. Mpira ukampata yule dada kifundoni, tukaingia uwanjani kwa vigelegele. Kombe akalipokea kwa mkono wa kushoto. Nikashangaa, maana ni mtu wa adabu zake, hata chumvi haipokei kwa kushoto.

Tuliporudi akasimama mlangoni pangu, ushungi umemlegea. "Mama Tuhfa, nifunge," akasema. "Mkono haupandi tangu nusu fainali." Nikamlaza mwanangu niliyembeba, nikamfunga jirani ushungi wake taratibu. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama naweza kumkandia unga wa kesho.