Galaksi Kwenye Sinia la Posa

Ilikuwa saa saba na dakika ishirini mchana (saa nilikuwa nayo mkononi, tena niliitazama kwa kiburi) nilipouaibisha ukoo wetu mzima pale Mafiga, na hadi leo nikipita mbele ya ile nyumba nageuza uso kuelekea milimani, kama mtu anayekagua mawingu.

Tulikwenda kumposea mke mpwa wangu, Hamisi. Njiani dada yangu, mama yake, alinionya: "Kaka, leo ni mahari tu. Nyota zako ziache nyumbani." Nikaitikia. Mimi ni fundi wa pampu za maji, shule niliishia darasa la saba, ila vitabu vya anga nimevisoma miaka mingi, na kila ninachokisoma natafuta wa kumwambia.

Wanaume tuliketi mkekani, tukaletewa masinia mawili ya pilau, nyama zimerundikwa katikati, na kwa desturi kila mtu anakula upande wake, nyama haziguswi mpaka mkubwa azigawe. Mkubwa wa sinia letu alikuwa baba wa binti, Mzee Salumu. Kabla hajagawa akaniuliza, kwa upole tu, "Fundi, nasikia unasoma mambo ya angani?"

Ningejibu "kidogo" yangeisha. Badala yake nikamwonyesha sinia: wali ni nyota, nyama ni kitovu cha galaksi, na humo ndani kuna shimo jeusi, ambalo likipata gesi ya kumeza, pembezoni mwake huwaka kuliko nyota zote. Wanachobishania wataalamu ni iwapo galaksi jirani, ikipita karibu, ndiyo inayokisukumia kitovu hicho chakula.

"Mfano jirani akija hivi," nikasema, nikalivuta sinia la pili polepole (niliamini ni polepole), vidole vina mafuta, likaniteleza, likagonga letu, bakuli la mchuzi likapinduka kwenye kanzu nyeupe ya mzee, na nyama zote zikafuata mapajani.

Hamisi akafumba macho. Alikuwa anaiaga ndoa yake.

Mzee, aliyelowa, alikuwa anakamua kanzu tu. Aliyewaka ni mama yake, bibi wa binti, aliyeketi peke yake mlangoni na hakufikiwa hata na tone. "Hata kula hawajui! Mjukuu wangu aende kwa watu hawa? Kunjeni mikeka, warudi kwao!"

Mzee Salumu akaokota mnofu mmoja pajani, akaniwekea mbele yangu. "Fundi, na vipo vitovu vinavyowaka bila kuguswa na jirani?"

"Vipo, mzee. Tena vingi. Ndiyo maana wanabishana."

Akamtazama mama yake, akaanza kucheka, akacheka mpaka bibi naye akajifunika khanga usoni, mabega yanamtikisika. "Posa tumeipokea," mzee akasema, "ila faini mtalipa."

Sasa Mzee Salumu ametangulia, Hamisi na mkewe wanaishi Ngerengere, na sijapata tena mtu wa kuniuliza swali zuri kama lile. Anga naendelea kuisoma. Sinia la mtu sivuti tena. Faini, kanzu mpya pamoja na khanga ya bibi: shilingi elfu themanini na tano.