Saa Moja ya Kimya Chemchem

Wenzangu wanaofanya kazi kwa kompyuta wakiwa nyumbani hunipigia simu kuuliza kama nao wahame Dar es Salaam waje Tabora. Swali la kwanza huwa ni kodi. Nawajibu bila kuficha: kodi niliyokuwa nalipa Sinza kwa mwezi mmoja, huku Chemchem inanitosha miezi mitatu, tena kwa nyumba yenye ua na jiko la nje. Mchele ni wa huku huku, asali na karanga hazitoki mbali, dagaa wanakuja na treni kutoka Kigoma. Sokoni nakwenda kwa miguu. Bando la intaneti halijali mkoa, bei ni ile ile. Umeme nao hukatika, kwa hiyo uwe na betri yako na laini ya pili ya mtandao mwingine. Hivyo viwili nunua kabla ya kitanda, ndivyo ninavyowaambia.

Kisha nawaeleza gharama ambayo mimi niliisahau, nusura initoe kazini.

Kazi yangu ni ukalimani wa hospitali kwa njia ya mtandao. Mgonjwa anayejua Kiswahili tu yupo mbele ya daktari katika nchi ya mbali, hawaelewani. Mimi, nikiwa chumbani kwangu na vifaa vya masikioni, nawasemea wote wawili. Kazi hii inataka kimya. Mgonjwa akisikia watu wanacheka nyuma yangu, anajua hatuko peke yetu, na lile neno la siri alilotaka kumwambia daktari analimeza. Kwa hiyo nilipowaarifu waajiri kwamba nimehama, walinijibu kwa upole lakini bila kuzunguka: mahali papya, mtihani mpya. Alhamisi saa tisa alasiri wangenisikiliza kwa saa nzima. Kelele zikisikika, mkataba ungeishia hapo. Sikuwa na kazi nyingine.

Jumatatu ya wiki hiyo ndipo nilipogundua kwamba Jumamosi mama mwenye nyumba, ambaye tunatumia ua mmoja, anamwoza binti yake. Wanawake wa ukoo walikuwa wameshaanza kufika na mikeka yao, na kinu kilikuwa kimesimamishwa chini ya dirisha langu.

Hapo nikafanya kosa ambalo Dar lingekuwa ustaarabu. Dar mchango wa harusi unautuma kwa simu, ujumbe wa shukrani unarudi, mambo yamekwisha. Nikatuma mchango mzuri, nikaongeza ujumbe: naomba Alhamisi saa tisa pasiwe na kelele, nina kazi muhimu. Simu yake niliisikia ikilia, maana alikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni kwangu. Hakujibu.

Jumanne asubuhi nilimkuta uani akianika mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pesa yako imefika, mwanangu. Wewe mwenyewe ndiye hujafika."

Wanawake wakaangua kicheko. Nilirudi ndani uso unawaka, nikakaa kitandani kufikiri. Mji huu uliota kwenye njia ya misafara, baina ya pwani na Ujiji. Watu wake wamezoea wapitao, na mpita njia hawamdai kitu zaidi ya salamu. Anayekaa ndiye anayetazamwa mikono yake, kama inashika kazi pamoja na wenzake. Mimi nilikuwa na miezi miwili pale, mlango umefungwa mchana kutwa, salamu zangu za kukimbia. Kwao nilikuwa napita tu. Sasa nani ahamishe kinu kwa ajili ya mtu anayepita?

Jumatano asubuhi sikuwa na zamu. Nilijifunga kanga, nikaenda kuomba radhi, nikaketi mkekani na ungo kuchambua mchele.

"Dada, hapo hakuna kompyuta!" mmoja alinitania. "Unatupa mchele, unabakiza mawe."

"Mwache ajifunze," akasema mama mwenye nyumba. Kisha akanigeukia. "Hiyo kazi yako ya kujifungia ni kazi gani hasa? Majirani wanasema unaumwa."

"Mimi niliambiwa kakimbia mume," mwingine akadakia.

Nikacheka nao, halafu nikawaeleza kama nilivyoeleza hapa: mgonjwa, daktari, na mimi katikati. Shangazi wa bibi harusi, mama mtu mzima aliyetoka Goweko, ambaye Kinyamwezi ndicho kilichomkaa zaidi mdomoni, aliweka ungo wake chini.

"Kumbe! Mimi nililazwa Kitete. Daktari ananiuliza, maumivu yanachoma au yanavuta? Kwa Kiswahili sikujua niseme nini. Mjukuu wangu ndiye akanisemea. Ni hiyo?"

"Ni hiyo hiyo, shangazi."

"Na sisi tukipiga kelele, mgonjwa anaacha kusema?"

"Anaacha. Na kesho saa tisa wananipima mimi. Nikishindwa, kazi imekwenda."

Shangazi akamtazama mwenye nyumba. "Kinu kesho kihamie kwa jirani. Na wenye midomo wahame nacho."

"Basi wewe utatangulia, shangazi!" akajibu mmoja wa wanawake.

Alhamisi nilifunga mlango nikiwa na wasiwasi. Mgonjwa wa mtihani alilalamikia kifua, sauti yake ndogo, na kila neno lake lilinifikia. Katikati umeme ukakatika, betri ikashika. Niligundua kwamba nasikia hata pumzi zangu. Saa ilipotimia nikafungua mlango, nikidhani wote wameondoka. Walikuwepo! Wanawake kama kumi na watano mikekani, mikono inachambua, midomo imefumbwa. Msichana mmoja amejiziba kwa ncha ya kanga asicheke. Shangazi aliniuliza kwa nyusi. Nikaitikia kwa kichwa, na ua mzima ukalipuka kwa mara moja, kila mtu na lile alilokuwa amelibana kwa saa nzima. Nilisimama mlangoni machozi yananitoka. Sinza niliishi miaka sita, na jirani wa ukuta mmoja sikumjua hata sura.

Kwa hiyo wenzangu nawaambia: njooni, mtaishi vizuri, ila saa zenu msizipangie kazi tupu. Tengeni za harusi, za msiba, za kumjulia hali jirani. Mkija na moyo huo, hamtajuta.

Majibu ya mtihani yaliingia Jumamosi asubuhi, nikiwa nyuma ya masufuria ya pilau, mikono inanuka vitunguu. Nilisoma mara mbili. Nimefaulu, mkataba unaendelea. Nikamnong'oneza mama mwenye nyumba, naye akasahau shughuli yote, akapiga kigelegele kirefu. Waliokuwa sebuleni wakadhani bibi harusi anatoka, wakaitikia kwa vigelegele. Wa barabarani nao wakapokea. Bibi harusi mwenyewe, hina bado haijakauka, akachungulia dirishani kuuliza kumetokea nini.

"Kafaulu!" shangazi akampigia kelele. "Rudi ndani, zamu yako bado."