Tembo Lililofika Kinango Kabla ya Adhuhuri

Kwetu Diani tulisifiwa kwa minazi, na Kinango, ambako mnazi ni wa kutafuta, wakasifiwa kwa tembo kali. Miaka ile ya hamsini sikumwona mtu aliyelishangaa jambo hilo. Tembo lao lilikuwa letu. Liligemwa kwetu alfajiri, likiwa tamu kama dafu, likapandishwa bara kwa miguu, na jua la njiani likalifundisha tabia nyingine.

Kaka yangu alipoposa Kinango, wazee wa kule walitaka kadzama, kibuyu cha tembo ambacho kisipofika hawaketi kuzungumza mahari. Mjomba akanichagua mimi kukipeleka.

“Wengine watakinywa njiani,” alisema. “Wewe huli hata embe la jirani.”

Nilikuwa ndiyo kwanza nimehitimu chuo cha Kurani, nami niliijua laana ya mwenye kukibeba kilevi. Lakini tembo linaloshuka mnazini halilevyi, basi ni halali. Nikakata shauri lifike likiwa halali. Nikamsihi dereva wa lori anichukue, nikakifunika kibuyu kwa majani mabichi, na kila tuliposimama nikakitia kivulini. Nilijiona fakihi.

Tulifika kabla ya adhuhuri. Nikawaamkia shikamoo, nikakabidhi. Baba wa msichana akaonja, akachungulia kibuyuni.

“Hiki ni nini, kijana?”

“Tembo, baba. La leo.”

“La leo! Basi wapeni watoto wanaoachishwa ziwa. Hapa tumekaa wazee.”

“Watu wa pwani wametia maji,” mwenzake akasema. “Letu sisi, ukilinywa huijui njia ya kwako.”

Letu, eti!

“Mwambie mjomba wako, binti yangu haozwi kwa dafu.”

Kaka yangu alikuwa ameshanunua kitanda. Nikawaomba wanivumilie hadi alasiri.

“Baba, tembo letu lina haya. Likifika ugenini halisemi upesi.”

Wakacheka, wakakubali kungoja. Kibuyu kilikuwa juani, na si mimi niliyekiweka pale. Nikaenda kusali adhuhuri, kisha nikaleta uradi. Sijapata kuleta uradi mrefu vile.

Niliporudi walikuwa wakiimba. Baba wa msichana akanikumbatia.

“Mwambie mjomba wako aje!”

Shemeji yangu alisilimu, akamzalia kaka watoto wema, alhamdulillahi. Baba yake hakuacha kutusifu hadi alipofariki: tembo la wakwe zake wa Diani, alisema, lilikaribia kuwa sawa na la Kinango.