Uso wa Shangazi kwenye Kadi ya Mkunga

Ubaya aliotendewa Bi Penseli unaelezeka kwa sentensi moja: alichora mkunga anayezalisha, kazini wakamgeuza mkunga wa baharini, yule samaki mrefu, mtelezi kama nyoka aliyepakwa mafuta, na juu ya mwili wa samaki huyo wakauacha uso wa shangazi yake.

Jina la Penseli alipewa na wenzake, kwa kuwa hakuonekana bila moja iliyochomekwa kwenye nywele, hata mazishini. Alikuwa mbunifu wa kadi katika kampuni ndogo iliyotengeneza mchezo wa kukusanya: kadi huuzwa ndani ya pakiti zilizofungwa, mnunuzi hajui atapata ipi, na wachezaji hubadilishana na kupambanisha walizo nazo. Ofisi ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la viatu, na harufu ya gundi ilipanda ngazi bila kubisha hodi. Humo alichora mazimwi na mashujaa wenye vifua kama milango ya ghala, mpaka yakamfika shingoni.

"Mchezo mzima ni kuua," alimwambia bosi. "Nipe kadi moja ya kuzaa."

Akapewa. Sura haikumsumbua, kilichomtoa jasho ni nguvu ya kadi. Mkunga asiyempiga mtu atamfaa nini mchezaji? Aliandika, akafuta, akaandika tena, hadi akapata maneno haya: *Kila kadi inayoingia mezani zamu hii haiguswi mpaka zamu ijayo.* Walipoijaribu wakati wa chai, mhasibu, aliyezoea kushindwa kama aliyezaliwa nako, alishinda mara mbili mfululizo, akaanza kuwashauri wengine namna ya kucheza. Hapo Bi Penseli alijua kadi imeshika uhai.

Uso alikwenda kuuomba kwa shangazi yake, mkunga mstaafu, ambaye ndiye aliyempokea yeye mwenyewe duniani.

"Utanichora na makunyanzi yangu?"

"Yote, shangazi."

"Haya. Ukinipunguzia hata moja, nitajua umenionea haya."

Alimchora amekunja mikono ya gauni, viganja vimekingwa, na juu ya viganja mtoto mchanga ndani ya shuka. Kisha akampa fundi wa kompyuta, waliyemwita Pikseli, atie rangi.

Karatasi ya mfano iliporudi kutoka kwa mchapaji, Bi Penseli aliishika kwa ncha za vidole, kama mtu anayeokota panya mfu. Gauni halikuwepo, wala mikono. Kulikuwa na mwili wa kijivu uliojikunja katika ute. Kinywa cha shangazi kilikuwa kimepasuliwa hadi masikioni na kupandwa meno kama sindano, na mbele ya meno hayo alilala mtoto, katika shuka lake, kama kitoweo kwenye sahani. Chini yake maneno yalibaki vilevile: *haiguswi*.

Pikseli alishikwa na aibu ya kweli. "Dada, kwetu mkunga ni samaki. Niliona jina, nikaona huyo bibi, nikasema basi huyu ni jini la baharini. Lakini nilimuuliza bosi kabla ya kupeleka."

"Akasemaje?"

"Alicheka mpaka akajifuta machozi. Akasema, anajua mkunga ni nani, ila huyu anachekesha zaidi. Acha hivyohivyo."

Kumbe ndivyo. Kukosea ni kwa binadamu, na Pikseli alikuwa amekosea tu. Yule mwingine alijua, na akakenua.

Bi Penseli alimpelekea shangazi karatasi ile, kwani aliona ni heri aipate kwake kuliko dukani. Shangazi aliitazama, akaiweka mezani kifudifudi.

"Samaki hanitishi," alisema. "Nimeshika walioteleza kumshinda. Lakini anataka kumla mtoto, kwa mdomo wangu. Uso nilikupa wewe, mwanangu, sikumpa yeye. Nenda ukanirudishie."

Bosi alimpokea kwa tabasamu lililomkera kuliko tusi.

"Dada, watoto wanapenda kinyaa. Kinyaa kinauza."

"Huyo si kinyaa. Huyo ni shangazi yangu."

"Ah, nani atamjua bibi huyo?"

"Nusu ya mtaa walimwona yeye kabla ya kuwaona mama zao."

Bosi alicheka, akadhani ni utani mwingine. Ndipo Bi Penseli alipozidi kuchukizwa: mtu mzima, mwenye mama, anacheka mahali ambapo hata mbwa angeinamisha mkia. Akaitoa penseli kichwani, akaiweka juu ya meza yake.

"Kadi kumi na mbili za toleo hili hazijachorwa. Tafuta wa kuzichora. Au ondoa uso huo."

"Unanitisha kwa ajili ya samaki?"

"Kwa ajili ya mkunga."

Bosi alitazama kalenda ukutani, tarehe ya kutoa pakiti ikiwa imezungushiwa wino mwekundu, tabasamu likamwishia. Aliagiza karatasi zote za mfano zichanwe. Radhi hakuomba, alichosema ni kwamba wanawake wasomi hawana utani.

Bi Penseli aliirudia picha ya kwanza, akaongeza mkunga wa pili kando ya shangazi, na jina akaliandika kwa wingi. Wa baharini huitwa mikunga. Hawa hakuna wa kuwachanganya na samaki. Kadi hiyo ilitoka tarehe 6 Februari 2023 kwa jina la *Wakunga*, na makunyanzi yote yamo.