Mama Jedwali na Saa Yake ya Alhamisi

Mama Jedwali hakuingia chuoni kwa mlango wa wanafunzi. Aliingia kwa mlango wa nyuma, ndoo mkono huu, ufagio mkono ule, akakabidhiwa maktaba ambayo vumbi lake ungelikusanya ungepanda mahindi ukavuna magunia mawili. Kwenye rafu ya chini kabisa zilipangwa taarifa za serikali: sensa, kilimo, elimu, afya, mvua za miaka na miaka. Panya walikwishazionja wakaona hazina chumvi, wakaziacha. Yeye akawa anazifuta moja moja, na kwa kuwa ni mtu asiyeweza kushika kitu asikichungulie ndani, akawa anazisoma. Asubuhi ufagio, adhuhuri sensa.

Mwaka wa nne mkutubi wa zamani akamuuliza kwa utani mji una visima vingapi. Akajibu huku anakamua tambara: vingapi kwa jumla, vingapi vimekauka, na vilikauka mwaka gani. Mkutubi yule akakaa chini, na wanaomjua wanasema hakuinuka mpaka jioni.

Basi akapelekwa kozi, akarudi, akapanda ngazi kwa ngazi mpaka ukutubi ukawa wake. Kompyuta zilipofika chuoni, kumi na mbili, nane kati yake zikiwaka, akagundua kwamba zile taarifa zote za rafu ya chini siku hizi zimewekwa kwenye tovuti za serikali, wazi, bila malipo, bila kumpigia mtu magoti. Furaha hakuipata. Alipata hasira.

"Chakula kimeshapakuliwa," alimwambia mumewe, "na watu wanashinda njaa."

Akamganda mkuu wa chuo kama kupe mpaka akapewa saa moja kwa wiki, Alhamisi saa nne asubuhi, kuwafundisha wanachuo kufanya utafiti kwa takwimu hizo.

Haikuwa kazi ya lelemama. Wanachuo walikuwa na desturi yao. Zile hojaji, makaratasi ya maswali ambayo mtu hutumwa akawaulize watu mia mtaani, walikuwa wakizijaza wenyewe nyuma ya bweni, kwa kalamu nne za rangi nne, wa mkono wa kulia akihamia wa kushoto ili mwandiko ubadilike. Mmoja wao alijigeuza watu sitini kwa mchana mmoja. Kufika wa arobaini alikuwa bibi kizee mwenye wajukuu tisa, na mwenzake aliyeketi kando akajikuta amemwamkia shikamoo.

Walimu walijua. Hata mwalimu wa mbinu za utafiti, ambaye wanachuo walimbandika jina la Bwana Hojaji, alijua, ila alipenda bunda liwe nene. Naye ndiye aliyekuwa akiimezea mate ile saa ya Alhamisi.

"Mama, takwimu za bure ni kama ushauri wa bure," alimwambia siku moja ukumbini. "Kila mtu anazo, hakuna anayezitumia."

"Hewa nayo ni ya bure, mwalimu. Jaribu kuiacha kidogo."

Mwisho mkuu wa chuo akachoka na maneno ya pande mbili. Akaamua: Alhamisi inayofuata mwanachuo mmoja wa Mama Jedwali asimame mbele ya kamati ya masomo na utafiti uliotokana na takwimu za serikali. Ukisimama, saa ibaki kwa mama. Ukianguka, iende kwa Bwana Hojaji.

Mama Jedwali alimchagua binti wa mwaka wa pili aliyepewa jina la Msusi kwa kuwa nusu ya vichwa vya bweni vilipita mikononi mwake. Swali lake lilikuwa moja: kwa nini shule ya msingi iliyo jirani na chuo ina watoto tisini darasani. Jumatatu Msusi akaja maktaba uso umemshuka.

"Mama, serikali imenidanganya."

"Imekudanganyaje, mwanangu?"

"Sensa ya kwanza, kata hii ina watu elfu arobaini na moja. Sensa ya pili, elfu kumi na tisa. Lakini takwimu za elimu zinasema wanafunzi wa shule ile wamekaribia kuwa mara mbili. Hao watoto wanazaliwa na nani, na miti?"

"Umeandika nini?"

"Kwamba watu wamehama."

"Wakahama wakasahau watoto?"

"Ndiyo hapo nimekwama." Msusi akashusha sauti. "Usikasirike, mama. Ninazo hojaji mia za Bwana Hojaji. Nikikaa kesho na kalamu zangu, zitasema chochote tunachotaka."

"Ukizijaza hizo, saa yetu imekufa na wauaji ni sisi. Nipe siku moja."

Jioni ile, jua likingali juu ya mapaa, Mama Jedwali alizitandaza karatasi zake zote mkekani. Mumewe, fundi viatu, akarudi na kukosa pa kukanyaga.

"Mama watoto, leo tunakula karatasi?"

"Tunakula sensa. Watu elfu ishirini na mbili wamepotea kwenye kata yetu."

Fundi akafikiri. "Wangepita kibandani kwangu. Hao ni viatu elfu arobaini na nne, na nusu yake soli zimekwisha. Ningekuwa tajiri." Akavua vyake. "Halafu kata yetu ipi? Tangu walipochora mpaka upya, mimi nimekaa kata hii na sanduku la misumari liko kata ile. Nikitaka msumari nafunga safari."

Mama Jedwali akanyanyua kichwa polepole. "Mpaka ulichorwa mwaka gani?"

"Si ule tuliomwoza binti mkubwa."

Mwaka ule uliangukia katikati ya sensa mbili. Mtaa mzima ulijua habari ya mpaka, na ndiyo maana hakuna aliyeikumbuka.

Asubuhi alikuwa mbele ya kompyuta kabla mfagiaji hajafungua madirisha. Akaifungua taarifa yenyewe kwenye tovuti, akateremka mpaka chini ya jedwali. Hapo ilikaa tanbihi, herufi ndogo kama mayai ya sisimizi: kata imegawanywa kuwa mbili, asilinganishe mtu sensa hizi mbili bila kujumlisha kata mpya. Akajumlisha. Kumi na tisa na thelathini na nane, elfu hamsini na saba. Watu hawakupungua hata kidogo, walijaa.

Badala ya kucheka akaichukua fotokopi moja, akaitazama chini. Karatasi aliyokuwa nayo Msusi haikuwa na tanbihi. Wala ya mwanachuo yeyote. Kwa miaka mitatu, kila alipotoa fotokopi, yeye mwenyewe aliziba chini kwa kipande cha boksi ili majedwali mawili yaenee ukurasa mmoja. Kubana karatasi.

Alimweleza Msusi, naye akapumua. "Basi tumepona, mama. Tunapeleka jumla iliyo sahihi. Nani atajua habari ya boksi?"

"Wewe utajua, na mimi nitajua. Shida ni wale wote waliopita hapa miaka mitatu. Wao hawatajua."

Alhamisi saa nne kamati iliketi, watu saba na pangaboi lililozunguka kama limelazimishwa. Msusi akasimama, vidole vikichezea pindo la gauni, akaeleza: watu wa eneo lile kutoka elfu arobaini na moja hadi hamsini na saba, vyumba vya madarasa kumi na vinne zamani, kumi na vinne leo. Hakuna haja ya kumsingizia mchawi.

Bwana Hojaji akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne. "Hii ni karatasi ya mama mwenyewe. Inasema elfu kumi na tisa. Tuamini ipi?"

Msusi akamtazama Mama Jedwali, naye akainuka.

"Takwimu zote mbili ni sahihi. Kilichokosea ni mkono wangu." Akawaeleza habari ya boksi bila kupunguza neno.

"Miaka mitatu?" aliuliza mkuu.

"Mitatu, mkuu. Nimegawa majedwali yasiyo na miguu, halafu nashangaa hayasimami."

"Basi kamati imesikia yenyewe," alisema Bwana Hojaji.

"Sijamaliza, mwalimu. Kosa langu limekamatika kwa sababu taarifa ipo pale pale, mtu yeyote anaweza kuifungua akanisuta. Hata wewe, kompyuta hiyo hapo. Hojaji zako nani atazifungua? Tuitie yule bibi kizee mwenye wajukuu tisa aje athibitishe."

Kumbe kisa kile kilikwishafika mpaka kwenye kamati. Mjumbe mmoja alicheka mpaka miwani ikadondoka. Bwana Hojaji akaikunja karatasi yake mara ya tano. Mkuu akakohoa.

"Unaomba nini, mama?"

"Saa mbili."

"Ulikuja kutetea moja."

"Moja ya kusoma jedwali, moja ya kusoma yaliyo chini yake. Na orodha ya wote niliowafundisha, niwaandikie."

"Saa mbili sina," alisema mkuu. "Moja ni yako. Orodha kaichukue kwa msajili."

Alikwenda kwa msajili moja kwa moja. Majina mia moja themanini na sita. Akaanza na la kwanza siku ile ile, Msusi akimsomea anwani, kila ujumbe ukieleza kilichokatwa na mahali pa kukipata. Wengine hawakujibu. Wengine walimshukuru. Mmoja, ambaye sasa ni mwalimu mahali mbali, aliandika hivi: "Mama, mimi kwenye utafiti wangu niliandika kwamba watu wa kata ile walikimbia nyoka, na nikapata alama nzuri. Nifanyeje?"

Mama Jedwali hakutafuta maneno mengi. "Rekebisha," alimjibu, akageukia jina linalofuata.