Suud Amimina Kahawa ya Posa

Mume wangu Suud hajaonja mvinyo maisha yake, na hakuna mtu Nizwa nzima, hapa Omani, aliyechoshwa na mvinyo kama yeye. Ni msimamizi wa chumba cha kulia katika hoteli moja huko juu mlimani. Wiki ile waliletewa mvinyo wa Kituruki, wa zabibu za asili ya hukohuko, na wageni walikuja makundi kwa makundi kuonja. Suud ndiye wa kuwaeleza: huu mweupe ni wa Narince, unanukia maua, huu mwekundu ni wa Öküzgözü, yaani jicho la ng'ombe, huu wa Boğazkere hukwaruza koo. Sifa zote kafundishwa na muuzaji, anazikariri kama kasuku. Wageni wanasukutua, wanatema ndooni, wanamuuliza yeye anapenda upi.

Siku ya posa alirudi asubuhi, miguu imevimba, nguo zinanuka.

"Vua hizo, uoge," nikamwambia. "Wageni wanakuja baada ya Alasiri."

"Mama Reem, wallahi sina nguvu hata ya kusema karibu."

"Utasema. Leo utasema."

Anayekuja ni Sheikh Marhun, mfanyabiashara wa tende na mifugo kutoka mji wa Adam, kumposea mwanawe Yazeed binti yetu Reem. Alikwisha kutangaza kwamba haozeshi mwanawe kwenye nyumba isiyojulikana riziki yake. Sisi tulisema Suud yuko kwenye utalii, tukanyamaza. Reem anampenda yule kijana, na mimi nilichoka kuomba Mungu neno hoteli lisitajwe.

Walipokwisha kula halua, baba na mwana, Marhun akaanza. "Riziki, bwana Suud, ndiyo mlango wa nyumba. Ikiingia haramu, baraka hutoka."

"Naam, sheikh," akajibu Suud, macho mazito kwa usingizi.

Hatuna mtoto wa kiume, basi akashika dele la kahawa mwenyewe. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la matunda. Badala ya kumimina na kumpa mgeni kikombe mkononi kama watu wote, alikiweka mbele ya Marhun, akajitupia kitambaa kwenye mkono, akamimina tone moja, akazungusha shingo ya dele kahawa isidondoke, akasimama wima kungoja. Ndivyo wafanyavyo hotelini kwa mvinyo: mkuu wa meza huonja kwanza, akiridhika ndipo wengine wamiminiwe. Posa ya mwanangu imekwenda mrama.

Marhun akakishika kikombe kwa vidole viwili. Akakizungusha taratibu, akakipeleka puani, akanywa lile tone, akalisukutua kidogo. Kisha akaitikia kwa kichwa: mimina.

Hapo ndipo wote wawili walipozinduka. Wakatazamana. Masikio ya Marhun yakaiva, na Yazeed akainama kutazama zulia.

Suud akamjazia kikombe.

"Kahawa nzuri," akasema Marhun kwa sauti ndogo. "Haya, bwana Suud, semeni nyinyi siku ya nikahi."

Habari za riziki hakuziuliza tena.